Barafu ya ubaoni na mvua ya mawe ya Sigowet

SENTENSI ninayokusudia kuihakiki leo ina maneno manane tu: "Maji yakipata baridi kali huganda na kugeuka barafu." Msomaji, umewahi kuisoma, umewahi kuiandika, na kama wewe ni mwalimu huenda umeifundisha. Mtu mzima akiulizwa ghafla maji hufanyaje yakipoa sana, hiyo au ndugu yake wa karibu ndiyo itakayomtoka kabla hajafikiri. Haina kosa la sarufi. Upatanisho ni sawa, tahajia ni sawa, na mtahini hawezi kuikata hata nusu alama. Kwa nini basi niitengee safu nzima?

Kwa sababu sentensi inaweza kuwa safi kisarufi na bado ikamfungia mtoto mlango. Wahakiki wa lugha tumezoea kuwinda makosa ya ngeli na viambishi, tukiyapata tunashangilia. Sentensi zisizo na kosa tunazipita, eti ziko salama. Nadai kwamba hii haiko salama, na mahali pa kuipimia ni Sigowet.

Sigowet iko katika Kaunti ya Kericho, upande wa juu wa kaunti ndogo inayoitwa Sigowet/Soin. Jina hilo lenye mkwaju katikati limeunganisha nchi mbili za hewa. Soin iko chini, kuna joto na miwa. Sigowet iko juu, kuna majani chai, ukungu wa asubuhi na mvua ya alasiri. Na mvua yenyewe mara nyingi huja na mawe. Rekodi za hali ya hewa zimewahi kuonyesha kwamba eneo la Kericho hupata mvua ya mawe zaidi ya siku 50 kwa mwaka. Ni sehemu chache sana duniani zinazofikia idadi hiyo. Mtoto wa huko ameona barafu ikianguka kutoka angani mara nyingi kuliko watoto wengi wa Ulaya.

Muhula uliopita nilikaribishwa kuketi nyuma ya darasa la Gredi ya Tatu katika shule moja ya huko. Kipindi kilikuwa cha Shughuli za Mazingira na sentensi yetu ilikuwa ubaoni, imeandikwa kwa hati nzuri ajabu. Mwalimu aliuliza, "Nani amewahi kuona barafu?" Vidole vitatu vikainuka. Mmoja aliiona dukani mjini Kericho, wa pili kwenye soda ya harusi, wa tatu kwenye picha ya kitabu. Nikamwomba mwalimu ruhusa niulize swali langu: "Na mvua ya mawe, nani ameishika kwa mkono?" Darasa zima likainua vidole, wengine wakasimama kabisa. "Mimi nimekula!" mmoja akasema, wenzake wakacheka. Nikauliza kama mvua ya mawe si barafu. Kimya. Kisha kijana wa dawati la mbele akanisaidia, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo kila mwenyeji analijua: "Hapana. Barafu ni ya friji. Hiyo nyingine ni ya Mungu."

Mwalimu yule simlaumu hata kidogo. Anafundisha watoto wengi katika chumba kimoja, tena anahama kati ya Kipsigis na Kiswahili kwa ustadi ambao wengi wetu hatuna. Kasoro imo katika sentensi tuliyomkabidhi. Hebu tuichambue neno kwa neno.

Tuanze na "yakipata baridi". Katika mazungumzo ya kila siku huwa tunaipa baridi nguvu za mtu: baridi inapiga, baridi inaingia, baridi inashika, baridi inatafuna mifupa. Ni lugha tamu na sina ugomvi nayo. Ila ikiingia kwenye somo la sayansi, humwambia mtoto kwamba baridi ni kitu kinachosafiri kutoka nje na kuyavamia maji. Mambo ni kinyume. Hakuna kinachoingia majini. Kuna joto linalotoka. Na Kiswahili kina kitenzi kizuri cha kulieleza hili, tena kila mtoto anakijua kutoka jikoni: kupoa. Chai ikiachwa mezani hupoa. Hakuna aliyeitia baridi. Joto lake limeondoka, likaenda kwenye kikombe, meza na hewa. Kitenzi kupoa kinabeba fizikia iliyo sahihi. Sisi tumekiacha jikoni, ubaoni tukaandika "kupata baridi".

Halafu kuna "kali". Kali kiasi gani? Mtoto wa Sigowet huamka Julai akitetemeka, pumzi ikimtoka kama moshi, na bado maji ya ndooni ni maji. Kwake hiyo ndiyo baridi kali, na hakuna kilichoganda. Sentensi inampa ahadi ambayo asubuhi za kwao zinaikanusha. Kinachokosekana ni kipimo. Maji ya kawaida huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, na baridi ya Julai inayomtetemesha mtoto iko nyuzi kadhaa juu ya hapo. Nambari moja tu ingemwondolea mkanganyiko. Nambari hiyo ingemfungulia pia jambo la ajabu zaidi: maji yakishafika nyuzi 0 na kuanza kuganda, kipimajoto husimama. Joto linaendelea kutoka lakini nyuzi hazishuki mpaka tone la mwisho ligande. Barafu ikiyeyuka ni vivyo hivyo. Joto linalohitajika kuyeyusha gramu moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 lingetosha kuyapasha maji yale yale hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo maana rundo la mvua ya mawe lililojificha kivulini nyuma ya nyumba hukaa muda mrefu, hata baada ya jua kurudi. Watoto wameliona rundo hilo. Hakuna aliyewaambia kwamba ni somo.

Sasa tuje kwa "huganda". Hiki ni kitenzi chenye familia kubwa. Damu huganda. Maziwa huganda. Mafuta ya kupikia huganda. Ruba naye humganda mtu mguuni, na mgeni asiyejua kuaga huweza kutuganda hadi usiku. Maana ya msingi ni kushikamana, na hapo kitenzi hakijakosea, kwa kuwa molekuli za maji hushikamana kweli yakiwa barafu. Tatizo ni mifano ambayo mtoto anaijua tayari. Katika nyumba ya Wakipsigis mfano wa karibu zaidi wa kuganda ni mursik, maziwa yanayohifadhiwa kwenye kibuyu hadi yakaganda. Maziwa yakishakuwa mursik hayarudi kuwa mabichi. Damu iliyoganda kwenye kidonda hairudi kutiririka. Kwa hiyo mtoto anaposikia "huganda" anaelewa safari isiyo na marudio. Mwalimu akitaja kuganda bila kutaja kuyeyuka papo hapo, ametoa nusu ya dhana, na nusu hiyo inapotosha.

Mfano wa mafuta ya kupikia uko karibu zaidi na ukweli, kwa sababu mafuta huganda na kuyeyuka tena. Lakini nao una mtego mtamu ambao mwalimu mjanja angeutumia. Mimina mafuta ya moto kwenye mkebe, yaache yagande polepole. Utaona katikati pamebonyea. Mafuta yakiganda hunywea, na kipande kilichoganda huzama ndani ya mafuta yaliyoyeyuka. Maji hayafanyi hivyo. Yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, ndiyo maana barafu huelea na chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza hupasuka. Vitu vingi tunavyovijua hunywea vikiganda, maji huvimba. Sentensi yetu ya maneno manane haina hata harufu ya jambo hili. Laiti tungeandika "huganda na kuvimba", neno moja la nyongeza lingemwachia mtoto swali la kwenda nalo nyumbani.

Neno ninaloliona kuwa baya kuliko yote ni "kugeuka". Mtoto wa Kiafrika hukutana na kitenzi hiki kwanza katika hadithi. Zimwi hugeuka kijana mtanashati. Binti hugeuka ndege. Katika Biblia mke wa Lutu anageuka nguzo ya chumvi. Kugeuka ni kuacha kuwa ulivyokuwa, na mara nyingi kuna uchawi, laana au muujiza nyuma yake. Ukimwambia mtoto maji "yamegeuka" barafu, umemwambia kwamba maji hayapo tena. Dhana yenyewe ya somo ni kwamba maji yapo, yote, hakuna lililopungua wala kuongezeka. Yamebadili hali, hayakubadili asili. Mtu aliyelala usingizi hajageuka mtu mwingine. Kutoka kwa neno hilo moja kijana wa dawati la mbele anapata haki kamili ya kusema kwamba barafu ni ya friji: kama ni kitu kingine kabisa, basi kina kiwanda chake.

Limebaki neno "barafu", na hapa historia inatusaidia kujielewa. Kiswahili kilizaliwa pwani, mahali ambapo maji hayagandi yenyewe hata siku moja. Majina yetu ya vitu vya baridi yalikuja na bahari. Barafu asili yake ni Kiajemi, na huko humaanisha theluji. Theluji asili yake ni Kiarabu, na huko neno hilo hubeba barafu na theluji pamoja. Sisi tuliyachukua yote mawili tukayagawia kazi: barafu ikawa ile ngumu, theluji ikawa ile laini ya milimani. Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro mwaka 1848 na kushangazwa na weupe wa kileleni, inasimuliwa kwamba kiongozi wake wa safari aliutaja weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Hakuwa mjinga. Alitaja kile alichokijua kwa ngozi yake, kwa lugha ambayo haikuwa na haja ya jina jingine.

Wenyeji wa bara waliokuja kukitumia Kiswahili baadaye walikuta msamiati ambao haukutungwa kwa ajili ya hewa yao. "Mvua ya mawe" ni jina linalotaja umbo na maumivu: ni mvua, na inapiga kama mawe. Halitaji kitu chenyewe kimetengenezwa kwa nini. Si aibu ya Kiswahili. Kiingereza nacho kina jina la peke yake kwa kitu hicho, na ndani ya jina hilo hakuna barafu. Lakini pale ambapo jina halifundishi, mwalimu hana budi kufundisha, na sentensi yetu haijathubutu. Imeishia kwenye "barafu" na kuliacha neno hilo liwe mali ya mwenye friji.

Mkanganyiko huu hauishii kwa watoto. Septemba 2008, kilima cha Busara karibu na Nyahururu kilipofunikwa na weupe, wananchi walitoka kuucheza na habari zikaenea duniani kwamba theluji imeanguka Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana. Januari 2012, baridi ya usiku ilipoharibu mashamba ya chai Kericho, Bomet na Nandi, kilichotokea kilikuwa sakitu, au ukipenda jalidi. Ila mkulima wa kawaida hatumii neno lolote kati ya hayo mawili. Atakwambia "chai imeungua na baridi", au atasema ni theluji, au barafu "imenyesha" usiku. Sakitu hainyeshi. Hakuna kilichoanguka. Mvuke ulio hewani umeganda juu ya jani usiku wenye anga wazi na upepo mtulivu, hasa mabondeni ambako hewa nzito ya baridi hutuama.

Mtu atauliza kama hapo napasua nywele tu. Sidhani. Mvua ya mawe hupasua majani alasiri kukiwa na mawingu mazito. Sakitu hubabua majani alfajiri kukiwa hakuna wingu hata moja. Mkulima anayeyaita yote "barafu" hawezi kueleza hasara yake vizuri kwa afisa wa kilimo, wala kuamua miche yake aipande bondeni au mteremkoni. Theluji, sakitu na mvua ya mawe zote ni barafu, na zote ni maji. Zinatofautiana kwa njia zilizopitia. Theluji ni mvuke ulioganda ndani ya wingu na kuwa fuwele. Sakitu ni mvuke ulioganda juu ya kitu kilicho chini. Mvua ya mawe ni matone ya maji yaliyoganda tabaka juu ya tabaka. Hayo mtoto wa Gredi ya Tatu anaweza kuyaelewa, na hakuna neno hata moja kati ya hayo lililohitaji kuazimwa leo.

Nasikia tayari pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya wale wanaosema kwamba tatizo ni upungufu wa istilahi, tuunde maneno mapya. Kwa miongo mingi wataalamu wa istilahi wamefanya kazi kubwa; tuna yabisi, tuna kiowevu, tuna gesi, na kuna waliopendekeza "mango" kwa kitu kigumu, neno ambalo mtoto wa Kenya akilisikia atatafuta embe. Sipingi istilahi. Nasema tu kwamba sentensi yetu haikuharibiwa na ukosefu wa istilahi. Iliharibiwa na kupuuza kupoa, kuyeyuka, kuvimba na kubaki, vitenzi ambavyo bibi yeyote anavijua.

Kuonyesha kwamba lugha inatosha, nitajaribu kueleza mvua ya mawe ya Kericho kwa maneno ya kawaida. Hewa yenye unyevu hutoka upande wa Ziwa Viktoria, ikapanda miinuko na kukutana na pepo za upande wa mashariki. Jua la mchana limeipasha ardhi, kwa hiyo alasiri hewa hiyo husukumwa juu kwa nguvu. Juu ya kimo cha kilomita tano hivi, hewa iko chini ya nyuzi 0. Lakini matone madogo ya maji huko hayagandi mara moja. Maji safi yasiyo na chembe yoyote yanaweza kubaki maji hata kwenye nyuzi 30 na kitu chini ya sifuri. Yanangoja punje ya kuanzia, kama vile umati unavyongoja mtu wa kwanza kuinuka. Punje ikipatikana, tone huganda, likapandishwa na upepo, likakutana na matone mengine yanayoligandia, likakua hadi uzito wake ukaushinda upepo. Hapo ndipo linapoangukia bati lako. Okota moja kubwa, ulipasue katikati: mara nyingi utaona tabaka kama za kitunguu.

Na punje hizo hutoka wapi? Mwaka 1982 watafiti R. C. Schnell na S. N. Tan-Schnell walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mabaki ya majani chai ya Kenya yanaweza kuwa chanzo cha punje kama hizo. Yaani vumbi la majani yaliyooza chini ya michai, likipeperushwa juu, linaweza kusaidia kutengeneza mawe yale yale yanayorudi kuipasua chai. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilikuwa zimeshatumika kupuliza ayodidi ya fedha mawinguni juu ya mashamba ya Kericho na Nandi, kwa nia ya kuyapunguza makali ya mawe hayo. Sayansi ya dunia imefunga safari kuja kusoma barafu ya Kericho. Mtoto wa Kericho bado anaambiwa barafu iko kwenye picha ya kitabu.

Pingamizi ya pili ni ya wazazi na baadhi ya walimu: yote haya ya nini, wakati kuanzia Gredi ya Nne sayansi itafundishwa kwa Kiingereza? Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, na sera hiyo imedumu. Wengi huichukulia miaka hiyo mitatu kama chumba cha kungojea. Nasema hapana. Dhana hutangulia, lugha ya pili huja kuipa jina jingine. Mtoto akivuka kwenda Gredi ya Nne akiamini kwamba maji yamegeuka kitu kingine, Kiingereza hakitamsahihisha. Atatafsiri tu kosa lake, safari hii kwa lafudhi nzuri.

Tunao ushahidi mkubwa kutoka kwa jirani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, nchini Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuacha yapoe, kisha kuyagandisha. Siku moja Mpemba, akihofia kukosa nafasi kwenye jokofu, aliyaingiza yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na darasani akaja kudhihakiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Baadaye alisimulia kwamba rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia wao huyaingiza maziwa yakiwa moto ili yawahi kuganda. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne hakucheka, alikwenda kulipima. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja, na leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Mjadala haujafungwa: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden huko Uingereza walipima upya na hawakupata ushahidi wa kuliunga mkono.

Kwangu kama mtu wa lugha, haijalishi sana mshindi ni nani. Linalonigusa ni kwamba madai yale yalikuwa yanatembea mitaani Tanga, midomoni mwa wauza aiskrimu, na mlango wa darasa ukawa umefungwa. Barafu ya mtaani na barafu ya kitabuni zilihesabiwa kuwa vitu viwili. Ndilo pengo lile lile la Sigowet, kati ya barafu ya friji na barafu ya Mungu. Tofauti ni kwamba Mpemba aliuliza mara mbili. Wangapi huuliza mara moja wakanyamaza?

Napendekeza basi sentensi hii badala ya ile: "Maji yakipoa hadi nyuzi 0 huganda na kuvimba kidogo, tunayaita barafu, lakini bado ni maji, na yakipata joto huyeyuka." Chini yake iandikwe: "Mvua ya mawe ni barafu. Sakitu ni barafu. Theluji ni barafu." Ni ndefu zaidi, najua, na mtaalamu wa fizikia atanikumbusha habari ya punje niliyoieleza mwenyewe hapo juu. Kwa mtoto wa miaka minane inatosha. Haina neno ambalo baadaye atalazimika kulisahau.

Na isibaki ubaoni. Methali yetu ya kale inasema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli pwani. Sigowet alasiri ya mawe, yanazoleka kwa bakuli. Mwalimu na awatume watoto wayazoe. Wajaze mkebe wenye kifuniko, waupime kwenye mizani ya dukani, waache mawe yayeyuke, wapime tena. Uzito utakuwa ule ule, na hapo neno "kugeuka" litakuwa limekufa bila hotuba. Kisha wayaponde mawe mengine, wachanganye na chumvi, sehemu moja ya chumvi kwa tatu za mawe. Mchanganyiko huo hushuka nyuzi nyingi chini ya sifuri. Ndani yake wachomeke kichupa chembamba cha plastiki chenye maji, kifuniko kikiwa wazi na usawa wa maji umewekwa alama. Wasubiri. Maji yataganda mbele ya macho yao na kupanda juu ya alama, bila friji, bila umeme, bila bajeti ya maabara.

Kinachohitajika ni pakiti ya chumvi kabatini mwa mwalimu, na mawingu ya alasiri. Mawingu Sigowet hayajawahi kuwa haba.